Mzee wangu hataki kabisa kupima afya, anasema namtafutia ugonjwa

binti_wa_Korogwe:
Shikamooni wakubwa. Naombeni ushauri jamani, baba yangu ana miaka 61, shamba anaenda kila siku, hospitali hakanyagi labda awe kazidiwa na malaria. Mdogo wake alianguka mwaka jana na kiharusi, mkono na mguu wa kulia mpaka leo havina nguvu, na alikuwa hajui kama ana presha. Nikimwambia baba twende tukacheki presha na sukari anajibu "mtu mzima akipimwa hakosi kitu". Mama naye anamuunga mkono, ana 52 na shingo ya kizazi hajawahi kupima. Nifanyeje?

nesi_wa_zahanati:
Pole dada. Mwambie presha mara nyingi haina dalili, watu wengi tunaowapokea na kiharusi walikuwa wanalima vizuri tu wiki iliyopita. Anza na presha peke yake maana haina sindano, dakika chache imeisha. Akifika akae kwanza dakika tano, asiwe ametoka kunywa kahawa wala kuvuta sigara, mkono aulaze mezani usawa wa moyo na asiongee wakati mashine inabana. Ikisoma 140/90 au zaidi msishtuke, arudi siku nyingine apimwe tena, kipimo kimoja hakitoshi kumwambia mtu ana presha (labda iwe juu sana kama 180/110, hapo aonwe na daktari siku hiyo hiyo). Na kwa kuwa ameshapita 60 aulizie dirisha la wazee, hospitali nyingi za serikali lipo.

Mzee wa Pangani:
Mimi ni mwanaume wa umri huo huo binti yangu, nikuambie ukweli, sisi hatuogopi kipimo, tunaogopa kinachofuata. Mtu anawaza dawa za kila mwezi zitatoka wapi, nani atapalilia, na nitaonekanaje mbele ya watoto. Kwa hiyo usimhubirie kiharusi kila siku, kaa naye mwambie kabisa kwamba vikipatikana vidonge mtachangia wewe na ndugu zako. Kuhusu tezi dume wenzangu wengi wanakimbia wakisikia habari ya daktari kukagua kwa kidole njia ya haja kubwa, wakati siku hizi kuna kipimo cha damu cha PSA ambacho daktari anaweza kuanza nacho. Ila PSA ikipanda sio lazima iwe kansa, hata tezi kuvimba tu au maambukizi yanaipandisha, asije akajimaliza kwa mawazo.

mama_wawili_Tanga:
Mama usimsahau jamani!! Kile kipimo cha siki wanapaka kwenye shingo ya kizazi wanaangalia kama kuna sehemu imegeuka nyeupe, majibu unapata hapo hapo, ila kinawafaa zaidi wa 30 mpaka 49. Akishakoma hedhi siki haionyeshi vizuri, aulizie cha HPV (virusi vinavyoleta kansa ya shingo ya kizazi). Mimi nilienda na dada yangu, kwenda wawili kunaondoa aibu kabisa.

binti_wa_Korogwe:
Asanteni sana, hasa Mzee wa Pangani, hilo la hela ya dawa sikuwahi kulifikiria na sasa naona ndo lenyewe. Nimeongea na kaka zangu wamekubali kuchangia. Jumamosi nipo nyumbani, nitaenda na wote wawili na mimi mwenyewe napima mbele yao. Nesi, sukari napo lazima waende bila kula?

nesi_wa_zahanati:
Ndiyo, wasile kuanzia usiku, maji tu ruksa. Ikifika 7.0 au zaidi tunarudia siku nyingine kuhakikisha. Waende asubuhi na mapema.