Tupeane uzoefu: Ulihamia Arusha au Moshi ukidhani maisha ni nafuu, kilikukuta nini?

Mpangaji Mpya
Wakuu, habari za leo. Ofisi imenihamishia Arusha kutoka Dar, mshahara ule ule, naripoti mwezi ujao. Hapa Tabata nalipa laki mbili na nusu, vyumba viwili, sebule, choo ndani. Nina mke na watoto wawili, mkubwa yuko darasa la kwanza. Kuna mshikaji kaniambia nisihangaike na Arusha, nipange Moshi nyumba ziko chee, niwe naenda na kurudi. Mwingine anasema huko kaskazini chakula ni cha bure. Naomba waliohama kweli waseme walichokutana nacho. Kodi, chakula, umeme, maji, nauli. Utani tuuweke pembeni mpaka nipate nyumba.

Chalii wa Mianzini
Karibu Chuga. Tafuta koti kwanza, nyumba baadaye.

Mhasibu wa Mtaa
Umenikumbusha mbali. Hilo la kulala Moshi na kufanya kazi Arusha nimelifanya miezi minne mwaka 2024, nikaacha mwenyewe bila kushauriwa. Ni kama kilomita 80. Nauli nilikuwa natoa elfu nne asubuhi, elfu nne jioni. Zidisha kwa siku 22 za kazi, 176,000. Bodaboda ya stendi mpaka ofisini sijaweka, wala chapati za Usa River, maana nyumbani unatoka saa kumi na moja hujatia kitu tumboni.

Masta yangu (chumba chenye choo ndani) ya Majengo, Moshi, ilikuwa 80,000. Ya namna hiyo hiyo Sakina niliambiwa 130,000. Kwa hiyo naokoa hamsini, nachoma laki na sabini na sita. Na mimi ndiye mhasibu! Siku moja wife anapepeta mchele, hata hajaniangalia, akasema, "Baba Neema, hizo hesabu unazopigia watu huko ofisini, hawajakustukia?"

Halafu Jumatano na Jumamosi ni soko Tengeru. Ukikuta magari ya ndizi yanashusha, utakaa hapo mpaka bosi apige mara ya pili.

Binti Rau
Nakazia. Moshi panga kama kazi iko Moshi. Basi.

Kondakta Mstaafu
Mhasibu anatia chumvi. Mbona watu kibao wanaenda na kurudi kila siku? Wengine wana familia Bomang'ombe na kazi Arusha, mwaka wa kumi huu.

Mhasibu wa Mtaa
Bomang'ombe ni karibu, mkuu. Mimi nasema Moshi mjini. Na wengi wa hao unaowasema wana usafiri wao au wanapewa lifti. Leta hesabu, usilete "watu kibao".

Mama Wawili
Naona wanaume mnapiga kodi na nauli tu. Mimi nazungumzia maji.

2017 tulitoka Tanga, mume wangu alipata kazi Usa River. Tukapanga upande wa Maji ya Chai. Nyumba nzuri, 150,000, na mwenye nyumba akasema maji ya kisima bure, mpige mpaka mchoke. Nikafurahi jamani, nilikotoka bili ya maji ilikuwa inanitoa jasho. Mtoto wangu mdogo alikuwa na miaka mitatu. Tukanywa, tukapika, tukafulia. Alipoanza kuota meno ya ukubwani, akiwa na miaka saba, lile la mbele likatoka na mistari ya kahawia. Nikamsugua kwa mswaki mpaka fizi ikatoa damu, namgombeza eti hapigi mswaki vizuri. Mwalimu wake, mama wa Kimeru, ndiye aliyenishika mkono akaniambia, "Mama, muache mtoto. Hiyo siyo uchafu, ni maji." Nililia njia nzima.

Ukanda wa chini ya Mlima Meru maji yake mengi yana floraidi kupita kiasi, na Maji ya Chai na Ngurdoto ndiyo kwenyewe. Pale Ngurdoto kuna hadi kituo cha utafiti wa kuyachuja kwa mkaa wa mifupa. Sisi wageni nani alitwambia? Tukaanza kununua maji ya kunywa na kupikia, elfu thelathini na kitu kwa mwezi. Ile "bure" yote ikaishia hapo, na meno hayarudi.

Kwa hiyo baba mwenye watoto, nyumba yoyote ya Arusha uulize kwanza maji yanatoka wapi: bomba la mamlaka au kisima cha mwenye nyumba?

Fundi Bomba
Chemsha tu, mama. Mbona rahisi.

Mama Wawili
Kuchemsha kunaua vijidudu, kaka yangu. Floraidi haifi. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki na kuzidi kukolea.

Fundi Bomba
Nimezaliwa hapa hapa Arumeru, nimekunywa hayo maji miaka 50, niko fiti.

Binti Rau
Tutumie picha ukicheka, mjomba.

Chalii wa Mianzini
😂😂 Ametoka hewani.

Mzee wa Njiro
Mleta mada ajue na jambo jingine. Kodi za Arusha zina historia. Ile mahakama ya UN ya mauaji ya Rwanda, iliyokuwa hapa Arusha, ilianzishwa 1994, ikafungwa mwisho wa 2015. Miaka yote hiyo wenye nyumba wa Njiro na kule juu Ilboru walizoea mpangaji wa dola. Mahakama imeondoka, tamaa imebaki. 2016 nilitajiwa dola 300 na mtu ambaye bafu lake lilikuwa na ndoo na kata. Sasa hivi kutoza kodi kwa dola ni marufuku, kanuni zilitoka 2025, akikutajia dola mkumbushe kwa adabu.

Wangu wa sasa amepandisha elfu hamsini. Sababu? AFCON 2027, uwanja unajengwa Olmoti. Nikamwambia mzee, mimi mpira naangalia kibandani. Akasema, "Mji unapanda." Nimelipa.

Gumzo la Kifodi
Tafuta nyumba mwezi wa nne au wa tano, mvua za masika, watalii hakuna, madereva na waongozaji wa watalii hawana hela, wenye nyumba wanapokea simu kwa mlio wa kwanza. Mwezi wa saba utatajiwa bei ya mzungu. 2020 wakati wa korona mimi nilishushiwa kutoka 200,000 hadi 130,000 bila hata kuomba, mwenye nyumba alikuwa na gari mbili za safari zimelala uani, kuku wanataga ndani.

Dada Luku
Jamani umeme! Muulize mwenye nyumba mita iko kundi gani. Ile ya watumiaji wadogo ni shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Ya kawaida, elfu kumi inakupa uniti 28 hivi. Mkiwa wapangaji wanne kwenye mita moja, sahau hiyo ya 100. Na kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa humo humo kwenye luku, kwa hiyo jengo la kwake, unalilipia wewe. Arusha mwezi wa sita na wa saba utataka maji ya moto kuoga, usijidanganye kuwa wewe mwanaume.

Mgeni wa Uru
Sikutaka kuandika ila hii mada imenichokonoa.

2021 nilitoka Mwanza kuja Moshi kuuza dawa za mifugo. Dalali akanipeleka Uru, juu kidogo ya mji. Nyumba ya vyumba vitatu, vigae hadi jikoni, tangi la maji, baraza inaangalia mlima, migomba kila upande. Kodi laki moja! Mjini ya namna ile walikuwa wananitajia laki tatu. Mwenye nyumba yuko Dar, tukaongea kwa simu, mzee mstaarabu sana. "Kijana, kaa kama kwako. Ila Disemba tutakuja kusalimia." Kwetu kusalimia ni soda moja na maandazi, mtu anaaga. Nikalipa miezi sita, baadaye nikaongeza sita mingine.

Tarehe 19 Disemba, saa kumi na moja alfajiri, honi getini. Nachungulia, magari matatu na kosta. KOSTA! Nikahesabu watu 27 nikaacha, watoto walikuwa wanakimbia. Mama mmoja mtu mzima akanikumbatia, "Wewe ndiye unatutunzia nyumba, baba? Mungu akubariki." Mimi mpangaji, risiti ninayo! Mpaka saa mbili asubuhi kitanda changu kilikuwa stoo, kati ya mikungu ya ndizi na kreti za bia. Mke wangu kapewa nafasi chumba cha mashangazi. Ndipo nikaelewa laki moja ilikuwa ya miezi kumi na moja na nusu.

Luku nilikuwa nimeweka ya elfu arobaini tarehe 17. Tarehe 22 ikalia. Nani akanunue? Mwenyeji. Mwenyeji ni nani? Mimi.

Sasa nilikuwa na beberu wangu, nimemnunua mdogo kwa elfu themanini, namnenepesha nimuuze Januari nipate kulipa ada. Tarehe 24 nimeshinda mjini kwenye mizunguko, narudi jioni, nyama inanukia tangu barabarani. Napita nyuma ya jiko, nakuta ngozi imetandazwa juani. Ngozi ina baka jeupe begani. Nalijua lile baka, nimelipaka dawa ya kupe mwenyewe. Shangazi ananijia na bakuli la moto la kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi: "Baba umechelewa, kunywa kabla haijapoa."

Simu inazima, nitarudi.

Chalii wa Mianzini
WEWE! Usituache hapo!

Kondakta Mstaafu
Ulikunywa au hukunywa?

Dada Luku
Naweka kiti hapa.

Mangi Halisi
Hii chai. Hakuna Mchaga anachinja mbuzi wa mtu bila kuuliza. Mnapenda kutusingizia kila Disemba ikikaribia.

Gumzo la Kifodi
Hajasema Wachaga wote mangi, kasema nyumba moja. Umeumia wapi?

Mangi Halisi
Sijaumia. Nasema watu waache kuvunjia ukoo wa watu heshima. Kihamba, shamba la ukoo, ni kwa baba zetu, makaburi yako pale, mpangaji ni mgeni. Mtu kuja kwao Krismasi amekosa nini?

Mhasibu wa Mtaa
Amekosa kumwambia aliyelipa kodi ya miezi 12.

Mzee wa Njiro
Wote mna haki. Ila mkataba uandikwe.

Mangi Halisi
Mkataba wa Krismasi?

Mpangaji Mpya
Wakuu turudi kwenye mada. Chakula vipi?

Binti Rau
Cha bure ni ndizi tu, kaka, nayo siyo bure. Mkungu wa mshare nanunua Kiboriloni elfu kumi na mbili. Arusha pale Kilombero wa saizi hiyo dada yangu anapigwa ishirini. Maharage, parachichi, mboga, maziwa, huku utafurahi. Mchele bei haina tofauti ya maana na Dar, nao utaukuta unauzwa kwa sado, kile kindoo cha kupimia, chungulia kama sado haijabonyezwa kitako. Samaki wa baharini sahau. Watoto wako wa Dar wamezoea wali samaki, hapo ndipo hela itatoka. Wafundishe mtori mapema.

Kondakta Mstaafu
Na dagaa?

Binti Rau
Dagaa wapo, wa Mwanza.

Mama Wawili
Na shule. Ukipanga mbali kwa ajili ya unafuu, Muriet au Kisongo, piga na gari la shule. Nguo za baridi usinunue dukani, shuka Memorial pale Moshi siku moja, mitumba ya masweta utabeba ya familia nzima.

Chalii wa Mianzini
Memorial tena? Mitumba iko hapa hapa Kilombero, mama, nauli ya nini.

Mgeni wa Uru
Nimerudi. Kumbe mlikesha.

Kisusio sikunywa. Nililia, wakuu, nimeshika bakuli, machozi yanadondokea humo. Mashangazi wakadhani nimefiwa, wakaanza kunipa pole. Mke wangu ndiye aliyesema. Kimya kikatanda uani, hata watoto wakanyamaza. Kumbe kaka mkubwa alituma hela ya mbuzi kwa kijana anayeangalia shamba, kijana kala hela, siku yenyewe akawaonyesha wa kwangu. Mangi Halisi, kwa hiyo waliuliza, ila walimuuliza asiyehusika.

Mzee akaitisha kikao palepale chini ya migomba. Wakachanga, nikapewa 150,000 mkononi mbele ya ukoo mzima. Halafu nyama ikagawiwa, maana kule kila kipande kina mwenyewe. Mimi nikaitwa jina, nikapewa shingo. Mpaka leo sijui shingo ni cheo gani.

Mangi Halisi
Sasa hapo umesema vizuri. Mzee alikuheshimu.

Dada Luku
Na ile luku je?

Mgeni wa Uru
Luku haikuzungumzwa.

Mzee wa Njiro
😂😂😂

Mpangaji Mpya
Nimeongea na mama watoto, tumesoma wote. Moshi tumeifuta. Tunatafuta Moshono au Kwa Mrombo, isizidi laki mbili, maji ya bomba, mita isiwe ya watu wanne. Nakuja peke yangu kwanza, nalala kwa binamu Sombetini wiki mbili nikizunguka. Mwenye dalali asiyekula hela ya kuonyesha nyumba aje faragha.

Gumzo la Kifodi
Dalali wa namna hiyo alishafariki.

Fundi Bomba
Moshono maji yapo, ila fungua bomba mwenyewe, usiku na asubuhi. Usiambiwe.

Mama Wawili
Umerudi? Picha iko wapi?

Kondakta Mstaafu
Mgeni wa Uru, hiyo nyumba bado upo?

Mgeni wa Uru
Nilikaa miaka mitatu zaidi. Nimehamia Himo mwaka jana.

Kondakta Mstaafu
Basi iko wazi? Naulizia tu, laki moja siyo mchezo.

Mgeni wa Uru
Iko wazi. Mpaka tarehe 18 Disemba.