Mwandiko wa Kijerumani katika kitabu cha zamani cha ubatizo

Muulizaji, Moshi
Habari zenu, ndugu. Wazee wa usharika wetu wameniomba niwasomee kitabu cha ubatizo cha mwaka 1908. Kijerumani cha magazeti ya leo nakisoma bila shida, lakini humu naona vijiti vilivyochongoka vikifuatana mstari mzima, hata nashindwa kujua herufi moja inaishia wapi. Nimeambiwa kwamba ni mwandiko uitwao Sütterlin. Je, ni kweli, na nianzie wapi?

Jibu, Arusha
Ndugu yangu, mwaka wenyewe unakataa. Ludwig Sütterlin, msanii wa michoro wa Berlin, alipewa kazi na serikali ya Prussia, dola kubwa ndani ya Ujerumani, mwaka 1911 ya kubuni mwandiko mwepesi kwa watoto, na shule za huko zikaanza kuufundisha mwaka 1915. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, walikuwa wamelelewa na mwandiko wa Kurrent, uliokwisha kutumika kwa karne kadhaa. Kurrent hulalia kulia, na nibu yake iliyochongoka huacha mstari mwembamba inapopanda na mnene inaposhuka, ilhali Sütterlin husimama wima kwa unene mmoja. Tafuta jedwali la herufi za Kurrent.

Jibu, Moshi
Naongeza hapo. Herufi e ni vijiti viwili vilivyokaribiana, kwa hiyo hudhaniwa kuwa n. U nayo huwekewa kitao kidogo juu ili itofautiane na hiyo n. Anza na safu ya majina, kwa kuwa Wajerumani walizoea kuandika majina na maneno ya kigeni kwa herufi za Kilatini, yaani kama hizi tunazotumia leo, na huenda majina ya Kichagga yakasomeka mara moja. Kisha tafuta neno getauft, yaani amebatizwa, ambalo bila shaka linajirudia: ukilitambua, umepata g, e, t, a, u na f za mkono wa mwandishi huyo huyo.

Muulizaji, Moshi
Nawashukuru sana. Mbona hata Wajerumani vijana hawausomi mwandiko huu?

Jibu, Arusha
Uliondolewa kwa amri. Januari 1941 Martin Bormann, afisa wa chama cha Nazi, kwa niaba ya Hitler, alipiga marufuku herufi za Kigothi za uchapaji kwa madai ya uongo kwamba zilitokana na Wayahudi, na mwaka huo huo shule zikaagizwa kufundisha mwandiko wa Kilatini peke yake. Watoto wengi walioanza shule baada ya hapo hawakuweza tena kusoma barua za babu zao.