Mtoto anayetumia dawa ya kifafa na upungufu wa vitamini D

Mama wa Pasua, Moshi

Habari zenu, wazazi wenzangu. Binti yangu ana miaka saba na anatumia fenobabitali, dawa ya kifafa, tangu alipokuwa na miaka mitatu. Kifafa hakijamshika tangu mwaka jana, na kwa hilo namshukuru Mungu, lakini siku hizi analalamika kwamba miguu inamuuma, hasa akipanda ngazi, na shangazi yake anaona magoti yameanza kupinda. Kliniki nilielezwa kwamba dawa hizi huweza kupunguza vitamini D mwilini. Hapa Moshi jua linawaka karibu mwaka mzima. Mtoto anakosaje vitamini inayotokana na jua? Na je, nimwachishe dawa kwa muda mpaka mifupa itengemae?

Mfamasia, Arusha

Mama, naanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lenye hatari: tafadhali usimwachishe dawa. Fenobabitali ikikatishwa ghafla, kifafa huweza kurudi kwa nguvu na mtoto akashikwa mfululizo bila kuzinduka, hali inayohatarisha uhai wake.

Kuhusu jua, ni kweli ngozi hutengeneza vitamini D ipatapo mwanga wake, kisha ini na figo huibadilisha mpaka iweze kuusaidia utumbo kufyonza kalsiamu ya chakula. Fenobabitali, sawa na dawa nyingine za kifafa kama fenitoini na kabamazepini, hulichochea ini kutengeneza kwa wingi vimeng'enya vya kuvunjavunja dawa, na vimeng'enya hivyo huivunja pia vitamini D kabla haijafanya kazi yake, hivyo mtoto anaweza kushinda juani na bado akapungukiwa. Valproeti, nayo dawa ya kifafa, haichochei ini kwa namna hiyo, lakini nayo imehusishwa na udhaifu wa mifupa.

Omba apimwe damu: vitamini D, kalsiamu na fosfeti. Wataalamu wengi huhesabu kiwango cha vitamini D kilicho chini ya nanogramu 20 kwa mililita kuwa upungufu. Jambo hili halitakiwi kucheleweshwa, kwa sababu kalsiamu ikishuka sana huweza yenyewe kuleta degedege, na mzazi akadhani dawa ya kifafa imeshindwa.

Baba wa Usa River

Naafiki yote, ila jua nalo tusilipuuze. Watoto wengi wenye kifafa hufungiwa ndani kutwa nzima, ama kwa hofu kwamba wataanguka, ama kwa kuogopa maneno ya majirani, na inaniuma kila ninapoona hivyo.

Tena, Mama, binti amekunywa maji ya wapi? Huku kwetu, upande wa Maji ya Chai na Ngurdoto, kuna vyanzo vya maji vyenye madini ya floraidi yanayozidi sana miligramu 1.5 kwa lita zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi hiyo hubadili rangi ya meno, na kwa watoto walioinywa kwa miaka huweza kupinda miguu, kwa hiyo si kila matege hutokana na upungufu wa vitamini D.

Mama wa Pasua, Moshi

Asanteni sana. Kabla ya kuhamia Moshi tuliishi Ngurdoto, na meno yake yana madoa ya kahawia. Sikuwahi kuyahusisha na miguu. Je, wakati nasubiri vipimo ninaweza kumnunulia vitamini D mwenyewe, na kumwongezea dagaa?

Mfamasia, Arusha

Dagaa mpe bila wasiwasi, wakiwa wazima na mifupa yao, pamoja na kiini cha yai, ingawa chakula peke yake hakitibu upungufu mkubwa. Vitamini D usimwanzishie mwenyewe. Mtoto wa umri wake huhitaji takriban yuniti 600 kwa siku, lakini dozi ya kutibu upungufu ni kubwa zaidi na hupangwa na daktari kulingana na vipimo, kwani ikizidi hupandisha kalsiamu katika damu, huleta kutapika na hudhuru figo. Mweleze daktari habari ya Ngurdoto, mwonyeshe meno hayo, na umwombe picha ya eksirei ya magoti na viganja.