Kuhamisha nyumba ya kale ya magogo: niifungue au niibebe nzima?

Mwenye swali (Dalarna, Uswidi):
Ndugu zangu, jirani yangu amenipa nyumba ndogo ya magogo ya msonobari, mita 5 kwa 6, kwa sharti kwamba niiondoe shambani kwake kabla ya theluji kuanza. Kiwanja changu kiko umbali wa kilomita 40. Magogo ya juu ni magumu kiasi kwamba ncha ya kisu haipenyi, lakini mawili ya chini, upande wa kaskazini, yamelainika kama muhogo uliochemshwa. Je, niifungue gogo kwa gogo au niibebe nzima kwa trela? Shemeji yangu anashauri pia kwamba nyufa baina ya magogo nizizibe kwa saruji.

Seremala mstaafu:
Ifungue, ndugu yangu. Kuta za namna hiyo hazikupigiliwa misumari. Magogo yamepachikana pembeni na kushikwa na vigingi vya mti, kwa hiyo hushuka moja moja kutoka juu, kinyume cha yalivyopandishwa. Ndivyo zilivyosafirishwa nyumba za Skansen, makumbusho ya wazi ambayo Artur Hazelius aliyafungua Stockholm mwaka 1891, na miongoni mwa za mwanzo kufika pale ni nyumba ya Mora, huko huko Dalarna kwako.

Kazi kubwa ni alama. Kuta zipe herufi A hadi D, magogo uyahesabu kuanzia chini, kisha upigilie vibati vyenye namba upande wa ndani. Gogo lililokatizwa na mlango lina vipande viwili, basi andika B5 kushoto na B5 kulia. Mimi mara ya kwanza niliandika kwa chaki. Mvua ya usiku mmoja ikafuta kila kitu, nikashinda majuma mawili nikilinganisha pembe na picha.

Mkazi wa Gävle:
Nakubaliana na mzee, na saruji iacheni kabisa. Mti hutanuka na kusinyaa kadiri majira yanavyobadilika, ilhali saruji haifuati. Hupasuka, maji yakaingia na kunaswa nyuma yake, na gogo likaoza mahali usipopaona. Kagua magogo yako kwa chini: yamechongwa mfuo ili kila moja lilikalie jenzake, na ndani ya mfuo huo hutandazwa kuvumwani (mimea midogo laini iotayo kama zulia juu ya mawe na miti) iliyokaushwa au nyuzi za kitani.

Magogo mawili yaliyooza yatafutie mbadala katika jengo jingine lililobomolewa, kwa kuwa gogo bichi litasinyaa na kujipinda chini ya yale makavu. Hata hivyo, acha nafasi juu ya milango na madirisha, kwani kuvumwani mpya hukandamizwa na kuta zitashuka kidogo.

Mwenye swali:
Ahsanteni sana. Je, matofali ya dohani nayo yanafaa kutumika tena?

Seremala mstaafu:
Yaliyojengewa kwa chokaa husafishika kwa urahisi, hata kwa nyundo ndogo. Yale yaliyokunywa masizi usiyatie kwenye ukuta utakaopigwa lipu, kwa sababu doa la kahawia litajitokeza hata ukipaka rangi mara tatu. Yapeleke kwenye njia ya bustani. Na kibali cha manispaa kipate kwanza, kabla hujagusa paa.