Ziara ya uwanja wa Anfield: je, itamfaa mzee?

Mwana_Pangani: Wakubwa shikamooni, na wengine nawasalimu. Baba yangu, ambaye tangu ujana wake huko Tanga amekuwa akiifuatilia Liverpool redioni, atakuja kunitembelea hapa Uingereza mwezi wa Aprili. Tiketi za mechi zimenishinda, kwa hiyo nafikiria kumlipia ziara ya kutembezwa uwanjani Anfield. Anatembea kwa mkongojo na hapendi kuharakishwa. Je, uwanja usio na mechi una cha kumwonyesha mtu aliyeusubiri miaka yote hiyo?

Dada_Leicester: Kaka, mpeleke. Nilipokwenda na mwanangu tulipandishwa kwanza juu ya jukwaa kuu, lile lililopanuliwa mwaka 2016, ambako unauona uwanja mzima chini yako huku nyumba za mtaa zikiwa zimeukaribia mno; kisha tukateremka hadi vyumba vya kubadilishia nguo, na baadaye tukapita katika ujia wa wachezaji, penye kile kibao kinachomtangazia mgeni kwamba hapa ni Anfield. Kibao hicho ni cha enzi za kocha Bill Shankly, aliyetaka timu ngeni ziingie na hofu, na kocha wa miaka ya karibuni, Jürgen Klopp, aliwakataza wachezaji wake kukigusa mpaka watwae kombe. Mwanangu alikigusa kwa mikono yote miwili. Kuhusu mkongojo, waarifu mapema unapokata tiketi.

Mwalimu_Mstaafu: Marahaba, mwanangu. Nakubaliana na dada yetu, ila kwa mzee wa redio ningetilia mkazo jukwaa la Kop, lile la mashabiki waimbaji nyuma ya goli, kwa kuwa sauti za nyimbo alizokuwa akizisikia Tanga zilitoka hapo. Jina lenyewe limetoka Afrika: Spion Kop ni kilima cha Natal, Afrika Kusini, ambako, Januari 1900, askari wengi wa Lancashire, jimbo la Liverpool enzi hizo, waliuawa katika vita dhidi ya Makaburu, na mwaka 1906 jukwaa likapewa jina hilo. Mwombe mwongozaji amwache baba aketi akilitazama bila haraka. Mkumbushe pia usiku wa tarehe 7 Mei 2019, Liverpool ilipoifunga Barcelona 4–0 baada ya kufungwa 3–0 ugenini, na mabao mawili yakafungwa na Divock Origi, mtoto wa Mike Okoth aliyeichezea Harambee Stars.

Kabla ya yote hayo, msimame nje kwenye kumbukumbu ya Hillsborough. Yameandikwa majina 97 ya mashabiki waliopoteza maisha kutokana na msongamano wa tarehe 15 Aprili 1989 katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, walikokwenda kutazama mpira tu. Mkiwa huko mwezi huohuo, chukueni maua. Nimewaona watu wakipita hapo mbiombio kuelekea duka la jezi, na jambo hilo huniuma.

Mwana_Pangani: Nawashukuru sana. Nimechagua siku ya katikati ya juma isiyo na mechi, na tutaanzia kwenye majina. Nimemsomea baba habari za Kop kwa simu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama ataruhusiwa kuketi hapo na redio yake ndogo. Tukishuka kwenye treni stesheni ya Lime Street, tupande basi gani?

Dada_Leicester: Namba 17, kutoka Queen Square, karibu na stesheni. Msalimie sana baba.