Jibu: Duka la mikate lenye baraza

Dada yangu,

Umeuliza kama chumba chenye tanuri na meza nne kinatosha kuwa mahali pa watu wa mtaa kukutania. Kinatosha. Huu ni mwaka wangu wa sita na duka la mikate hapa England, na kilichovuta watu ni benchi la mbao chini ya dirisha, kwa sababu mtu aliyelelewa pwani akiona baraza hujua amekaribishwa kukaa hata kama hana cha kununua.

Mwanzoni niliweka benchi jingine nje, kwenye njia ya waendao kwa miguu, bila kuuliza, na halmashauri ikaniamuru niliondoe siku ile ile. Kwao ndiko kibali kinakoombwa, na tangu 2024 ada haizidi pauni 500 mara ya kwanza na 350 unapokihuisha. Meza za ndani hazina taabu hiyo, kwani tangu Septemba 2020 duka na mkahawa vimo katika kundi moja la matumizi ya jengo. Usisahau kuiandikisha biashara kwa halmashauri angalau siku 28 kabla ya kufungua, ni bure.

Jambo ninalokuomba ulisimamie kwa moyo wote ni mzio. Sheria inataja vyakula 14, na ngano, mayai, maziwa, karanga na ufuta vyote vimo, yaani karibu kila tunachokipika. Tangu Oktoba 2021, chochote ulichokifunga mwenyewe dukani kabla mteja hajakichagua lazima kiandikwe jina na viambato vyote, na vile viletavyo mzio vionekane waziwazi. Nazi haimo katika orodha hiyo, lakini mimi huiandika, kwa kuwa jirani asiyejua mkate wa kumimina hawezi kukisia kwamba umepikwa kwa tui. Kuna mama aliyekuwa akipita tu mlangoni kila asubuhi, kwa sababu mwanawe hawezi kugusa karanga. Alipoiona karatasi ya vyakula vya mzio niliyoibandika ukutani aliingia na kuuliza. Nikamweleza wazi kwamba kashata hupikwa humu humu, siku yake peke yake na kwa sinia zake, nikamwachia aamue. Siku hiyo alikunywa chai tu. Sasa mtoto huja na kitabu chake cha shule.

Alasiri benchi hujaa. Bibi mmoja wa Bukavu huligawa andazi lake vipande vinne, akachovya kimoja kimoja kwenye chai, huku akimsomea jirani yake Mkenya barua ya hospitali aliyoletewa mchana. Simharakishi mtu, wala siulizi ameagiza nini. Mwezi wa Ramadhani sinia ya tende na kumimina hukaa karibu na mlango kuanzia nusu saa kabla ya magharibi, kwa ajili ya yeyote ambaye adhana itamkuta njiani.

Ukipata nafasi njoo Jumamosi kabla ya saa nne asubuhi, mahamri yakiwa bado ya moto, nikuonyeshe daftari la oda na jinsi ninavyoandika lebo.