Git inaniambia babu wa pamoja wa matawi yangu ni wa Januari, mbona?

dereva_wa_terminali

Wakuu, habari zenu. Shida hii ya Git, programu inayotunza historia ya msimbo, imenikalisha tangu jana jioni. Stima nayo ilipotea saa mbili usiku nikiwa na asilimia 18 ya betri na faili 23 zenye migongano, yaani mahali Git imeshindwa kuchagua kati ya maandishi mawili.

Iko hivi. Natengeneza mfumo wa makusanyo wa sacco moja ya matatu hapa Eastlands: kondakta anaingiza nauli, mwenye gari anaona hesabu ya siku kwa simu. Kazi yangu iko kwenye tawi (mfululizo wa mabadiliko wa kando) linaloitwa malipo, nililitoa kwenye main, tawi kuu la wote, mwezi wa kwanza. Majuzi nilituma sehemu ya kwanza, msimamizi akaipitia, akaikubali, ikaingia main. Nikaendelea kuandika kwenye tawi lile lile, kwa nini nifungue jingine?

Jana nikasema wacha nivute main, niunganishe mabadiliko yake na tawi langu, niwe sawa na wenzangu. Loh! Faili 23, na karibu zote ni msimbo wangu mwenyewe. nauli.py inanigombanisha mimi na mimi, kana kwamba main haijawahi kuiona ile kazi niliyotuma. Jirani yangu wa mezani akaniambia niulize Git matawi yaliachana wapi:

    git merge-base main malipo

Ikanipa namba inayoanza na 7c1e. Nikaifungua kwa git show: komiti (badiliko lililohifadhiwa) ya tarehe 14 Januari, "rekebisha tahajia kwenye risiti". Mimi nilitarajia inipe pale tulipokutana majuzi. Amri hii ni mbovu ama ni mimi sielewi?

kaka_wa_south_b

Futa tawi. Toa jipya kutoka main, nakili faili zako juu yake, maliza. Dakika kumi.

mama_pacha

@kaka_wa_south_b ukinakili faili nzima juu ya main, kila kitu ambacho wenzake wamebadilisha ndani ya faili hizo kinapotea, na Git haitalalamika hata kidogo. Nimeshawahi kusafisha uchafu wa namna hiyo wikendi nzima, sitaki kuukumbuka.

@dereva, amri iko sawa. Nakisia msimamizi hakuunganisha kwa kawaida, alibana komiti zako zote zikawa moja (--squash, au kile kitufe chake kwenye ukurasa). Git ikitafuta babu haiangalii msimbo unafananaje. Inafuata wazazi tu, yaani komiti zilizotangulia ambazo kila komiti inazitaja. Komiti ya kawaida ina mzazi mmoja, ya kuunganisha ina wawili au zaidi. Hiyo iliyobanwa ina mzazi mmoja, ambaye ni ncha (komiti ya mwisho) ya main ya siku ile. Ni kama mtoto anayefanana nawe mpaka mwanya wa meno, lakini kwenye cheti cha kuzaliwa jina lako halimo. Kwa hiyo ukoo unarudi nyuma hadi Januari.

Ukitaka kuona kwa macho, acha kwanza huo muungano kwa git merge --abort, kisha:

    git config merge.conflictStyle diff3
    git merge main

Sasa kila mgongano utakuwa na sehemu tatu: yako, ya babu katikati, ya main. Angalia hiyo ya katikati.

dereva_wa_terminali

Katikati ni tupu! Funksheni ya nyongeza ya saa za msongamano haikuwepo Januari. Juu iko yangu ya sasa, chini iko ile niliyotuma. Lakini kuna faili nilizotuma ambazo hazikugongana kabisa. Hizo zimeponaje?

mama_pacha

Hizo hukuzigusa tena baada ya kutuma, wala hakuna mwingine aliyezigusa. Pande zote mbili zikiwa na badiliko lile lile, Git inalichukua bila maneno. Ugomvi unaanza pale upande mmoja ulipoendelea kuhariri: Git inaona watu wawili wameandika vitu tofauti mahali ambapo babu hakuwa na kitu.

Dawa: tafuta kwa git log komiti ya mwisho uliyotuma kabla hazijabanwa. Tuiite X. Acha muungano tena, halafu:

    git rebase --onto main X malipo

Maana yake: chukua zilizokuja baada ya X tu, zipande juu ya main. Ukisukuma (kupeleka tawi kwenye seva) tumia --force-with-lease, inayokataa kufuta komiti za wengine ambazo hujaziona, sio --force peke yake. Kama kuna mwenzako anayefanyia kazi tawi hilo hilo, ongea naye kabla, kwa sababu namba za komiti zote hizo zitabadilika.

mzee_wa_ngara

Naongezea moja tu. Kuna wakati mababu bora ni zaidi ya mmoja, pale matawi mawili yamekuwa yakiunganishwa kila mmoja kwa mwenzake. merge-base itakutajia mmoja tu usipoweka --all. Wakati wa kuunganisha, Git huwaunganisha kwanza hao mababu wenyewe, ikapata babu wa kubuni wa kutumia. Hiyo sio shida yako leo.

dereva_wa_terminali

Komiti zangu zilizobaki zilikuwa 6. Zimepanda 5 bila neno. Ya sita imegongana mstari mmoja: mimi nimeweka nyongeza ya mvua shilingi 20, mwenzangu ameweka 30 kwenye main. Huo sasa ni ugomvi wa kweli: nimechagua moja kwa muda nikamaliza rebase, tutaamua kesho. merge-base inanipa ncha ya main yenyewe. @mama_pacha nina deni lako la chai na mandazi.

Swali la mwisho. Kwenye seva ya majaribio amri hiyo hiyo haitoi chochote. Kimya.

mama_pacha

Angalia seva inavutaje. Nyingi huvuta kwa --depth 1, yaani zinapewa komiti ya mwisho tu, mtu bila wazazi wake. Babu atatoka wapi?

    git fetch --unshallow

Na hakikisha main nayo imevutwa, sio malipo peke yake.

dereva_wa_terminali

Ilikuwa depth 1 kweli. Imekubali.